Mawe ya Kijani ya Dokta Felista

Jumanne, Julai 1978. Moshi.

Baridi tangu asubuhi, na mlima haukuonekana kutwa nzima. Nimefunga dirisha la chumba changu hapa Rau, ingawa sidhani kama kuna anayenichungulia.

Nilikuwa na hakika yule mwanamke ni mtu wa magendo.

Dokta Felista ni mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa Uru, amesoma Ulaya. Wiki iliyopita alileta ofisini kwetu, ofisi ya madini, sanduku la mawe ya kijani aliyookota kwenye vilima vya volkeno, anataka kuyapeleka nje yakapimwe. Kazi yangu ni kupiga mhuri kwamba hayana thamani. Yakija kugundulika kuwa ni vito, atakayefungwa ni karani. Mkuu wangu aliyatazama mara moja tu, akasema ni takataka, nipige mhuri. Sikupiga. Dokta na dereva wake walikuwa wakicheka kwa Kichagga, nami ni mtoto wa mashamba ya miwa kule chini, baba alitoka Singida. Sikuambulia neno. Niliamini wananicheka mimi.

Leo Dokta alichoka kungoja. Akanipakia kwenye Landrova hadi Kilema, kwenye shule yenye hadubini, akaniwekea kipande cha jiwe kilichosagwa kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Niliona rangi ambazo sijaziona hata kwenye vitenge. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba kitu kizuri namna ile hakiwezi kukosa bei.

"Rangi ni za mwanga, Ndugu karani," akasema. "Wewe tazama umbo la chembe."

Chembe zilikuwa zimerefuka na kulalia upande mmoja. Nyingine zilikuwa zimepinda. Akanieleza kwamba mawe hayo yametoka chini ya ganda la dunia, volkeno ikayapandisha. Nikasema basi huko yaliyeyuka. Hapana, akasema, yalikuwa mawe magumu wakati wote. Jiwe la baridi ukilipiga ghafla linavunjika. Kule chini joto ni kali, na uzito wa juu unalibana pande zote lisipate nafasi ya kupasuka. Likisukumwa polepole, kwa miaka mingi mno, linajongea na kubadili umbo. Anachotafuta kwenye chembe zile ni nguvu iliyolisukuma ilikuwa kubwa kiasi gani.

Nilimwelewa. Bado sikumwamini.

Nikapata wazo la kikarani: kila jiwe likatwe, nusu aende nayo, nusu ibaki ofisini iwe ushahidi. Nilitegemea atakataa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wenzako huniomba ya soda," akasema. "Wewe unaniomba mawe. Haya, tukate."

Tulikata kwa msumeno wake wa mawe, tukarudi mjini, nikapiga mhuri. Nusu zetu nimezifungia kabatini.

Jioni mkuu akaniita. Hakufoka. Alinisogezea kiti, akaniuliza hali ya baba, akanisifu kwa uangalifu wangu. Kisha, taratibu kabisa: "Huo ufunguo wa kabati, kijana, nipe nikutunzie."

Nilisema nimeusahau nyumbani. Ulikuwa mfukoni.

Kama ni takataka, ufunguo wa nini?

Wiki nzima nimekuwa nikimchunga Dokta kwa jicho la pembeni, wala sikugeuka kumtazama aliyekaa nyuma yangu.

Mkuu akiniomba tena ufunguo kesho, nitamwomba aniagize kwa maandishi. Nimeirudia sentensi hiyo peke yangu, kwa sauti ndogo. Humu chumbani inatoka vizuri. Mbele yake sijui itatoka namna gani.