Kadi ya Buluu na Mkono Wangu wa Kulia

Donholm, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba,

Nakusalimu wewe na Mama, na naomba barua hii ikukute umekaa pale kwenye karakana yako ya vinyago ukiwa na kifua kizima, maana Mama aliniandikia kwamba vumbi la msasa limekurudisha kukohoa. Kifunge puani kile kitambaa nilichokutumia. Najua unakifutia mafuta ya tezo. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia, na huo mkono ndio habari yenyewe.

Umeshaona kwamba mwandiko si wangu. Anayeandika ni Wafula, yule kijana wa Bungoma ninayefanya naye kazi na kuishi naye chumba kimoja. Mimi nasema, yeye anaandika. Huko mbele nitasema jambo ambalo hata yeye halijui, na nimemwomba aandike kila nitakachotamka. Amecheka, akasema anaandika haraka kuliko ninavyodanganya.

Unajua kazi yetu ni kwa Mama Syombua, mwenye duka la kuchapa barua na vyeti kwa kompyuta. Mchana vijana huja hapo kucheza michezo ya kuwindana kwa bunduki kwenye kioo. Ndani ya kila kompyuta kuna kadi ya picha, ndiyo inayochora kile unachokiona. Mama Syombua alitaka kubadilisha kadi za mashine zote sita, akaletewa mbili za kujaribu, za kampuni mbili zinazoshindana, moja ya buluu na moja ya kijani. Akatupa wiki moja tumwambie iliyo bora.

Kioo cha kompyuta, Baba, kimejaa nukta za mraba, kwa hiyo mstari wa mshazari hutoka na meno kama msumeno. Hizi kadi mpya zinajua kuyalainisha hayo meno, kila moja kwa njia yake. Ya buluu huchora picha nzima ikiwa kubwa mara nne, kisha huifinya irudi saizi ya kioo, na meno yanapotea. Ya kijani haina subira hiyo. Hupita kwenye kingo peke yake na kuzipaka rangi ya katikati. Nilizikodolea macho siku tatu, pua ikikaribia kugusa kioo. Ya kijani ilinikera: ukuta ukipita mbele ya ukuta mwingine, unabaki uzi mweupe katikati, na ua wa seng'enge unabaki na meno yake yote. Ya buluu ilikuwa kama shingo ya swala uliyemaliza kumpiga msasa wa mwisho. Nilitamani kuipapasa. Shida ni kwamba ilikuwa nzito. Ukigeuka ghafla picha inaburuta miguu, na maandishi madogo yanaingia ukungu.

"Hiyo ni ya kuangalia," Wafula aliniambia. "Mtu akicheza nayo atazikwa."

Mama Syombua akaamua zipimwe kwa mashindano, Jumamosi saa nane mchana, vijana wa Donholm na wa Shauri Moyo, kompyuta mbili zikiwa zimeunganishwa kwa waya. Wafula akasema siku hiyo tuzime ulainishaji kwa kadi zote mbili, zikimbie sawa. Nikakubali. Asubuhi yeye ndiye aliyefunga mashine skrubu mbele ya watu. Alipotoka kununua chapati, nikaiwashia ile ya buluu ulainishaji wote, hadi mwisho. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu Mama Syombua aione ilivyo nzuri, ainunue hiyo. Unakumbuka ulivyonizaba kofi nilipoupiga msasa mpini wa tezo lako la kuchongea mpaka ukang'aa? Uliniuliza kama nilitaka likuteleze ujikate mguu. Nilikuwa na miaka tisa, na sasa nina ishirini na sita, na sikujifunza kitu.

Wa Shauri Moyo walikuja kwa miguu, zaidi ya kumi, wakiimba. Mchezaji wao alikuwa Oti, fundi wa kugonga masanduku ya mabati, mtu wa mikono minene na maneno machache. Akaketi mbele ya mashine yenye kadi ya buluu. Baba, aliuawa kwenye kile kioo mara ishirini. Kila akigeuka, picha ilichelewa, na mpinzani wake wa Donholm alikuwa ameshampiga. Wa Donholm walimcheka mpaka shati lake likalowa jasho.

Akasimama polepole. "Hii mashine imechezewa. Nani alifunga?"

"Ni mimi," Wafula akasema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Kwani iko na nini?"

"Kumbe unatuona mafala."

Oti alimpiga usoni kwa kibodi, vitufe vikaruka kama mahindi. Kisha ngumi, na meno mawili yakaanguka sakafuni. Wenzake Oti wakamshika Wafula sikio kumvuta nje, na sikio likachanika. Huko nje mtu akapaza sauti "mwizi," na neno hilo likishatamkwa hapa hakuna anayeuliza ameiba nini. Watu waliotoka sokoni na mboga zao waliweka mifuko chini, wakaokota mawe. Mzee mmoja aliyevaa tai alivua mshipi, akampiga mgongoni, akauvaa tena, akaenda zake. Kuna aliyesema tairi liletwe, achomwe.

Sasa Wafula, andika hapa bila kusimama. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nyuma ya meza, na nilijua kilichoharibu mchezo. Nilinyamaza. Niliyahesabu mapigo, yakafika sita, na kila moja lilipotua nilijiambia watachoka. Niliogopa. Ni niliposikia habari ya tairi ndipo nilipotoka mlangoni nikasema ni mimi. Wewe damu ilikuwa imekuziba macho, ukasikia sauti yangu tu, ukadhani nimekuja mbio.

Baba, hapo Wafula aliweka kalamu chini. Alisimama mlangoni akinipa mgongo, kwa muda mrefu, nami sikuthubutu kumwita. Amerudi sasa. Ameniambia neno moja, "Endelea," na nimemwambia aandike hata hilo.

Basi wakamwacha, wakanigeukia. Oti akaniuliza ni mkono gani ulifanya hivyo. Nikauonyesha, kama mtoto shuleni. Wakauweka kwenye fremu ya mlango wa duka, ule wa chuma, wakafunga mlango kwa nguvu. Wakaufungua, wakaufunga tena. Niliisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu. Nisingekuwa hai kusema haya kama Mama Syombua asingetoka na sufuria ya maji ya chai yanayochemka, akayamwaga kwenye kundi bila kuchagua. Walikimbia wakiacha kiatu kimoja na mboga za watu.

Daktari amesema vidole viwili havitakunjika tena. Kwa hiyo ile mimbari ya kanisa uliyoahidi tutaichonga pamoja, tafuta mtu mwingine. Nimelia kwa ajili ya hiyo mimbari, Baba, sikufichi.

Na unajua kwa nini nimeamua kusema leo? Mama yake Wafula alisikia kwamba nimemwokoa mwanawe. Akatuma jogoo, hai, akaletwa na mjomba wao kutoka Bungoma. Jumapili iliyopita tulimchinja. Kwao firigisi hapewi mtu ovyo, hupewa mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Wafula aliitoa kwenye sufuria, akaiweka kwenye sahani yangu kwa mikono miwili, huku shavu lake likiwa bado limevimba. Nikaila. Niliitafuna nikimwangalia, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa mtu mzima.

Msalimie Mama, umwambie nakula. Msalimie nyanya, mwambie miwani yake iko tayari. Wasalimie dada Mwikali na shemeji yangu dereva, na mjomba wa kule kinuni. Oti usimlaani, nilimfanya achekwe mbele ya watu wake. Jina nitalitia mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi mwanao,
Mutinda

Mzee, shikamoo. Huyu ni Wafula, na haya sikuambiwa niandike. Yeye amekaa kitandani, ananiangalia kalamu, hajui ninachosema. Sijamsamehe. Mama yangu sijui nitamwambia nini kuhusu jogoo wake. Lakini ile bandeji hubadilishwa kila jioni, na hapa hakuna mwingine wa kuibadilisha, kwa hiyo leo nitaibadilisha. Barua nitaipeleka posta mwenyewe kesho. Sijafuta wala kuongeza neno lake hata moja. Pale aliposema mapigo sita nimeacha sita, kwa kuwa barua ni yake. Yalikuwa tisa.