Jumapili Asilie Mtu

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimefika. Jua la huku si la Harare, hili lina kisasi! Chuo kimeniweka kwa Mchungaji Chingono nijifunze uchungaji kwa vitendo hadi Krismasi. Kabla hata sijanywa chai kanipeleka msibani. Mjane alipoanza kumwita marehemu kwa sifa za ukoo wake, nikalia. Nililia kuliko wafiwa! Shangazi mmoja wa marehemu ndiye aliyenibembeleza — mimi niliyekuja kufariji. Tukirudi, Mchungaji akaniuliza, kwa upole wa kutisha: mchungaji akilia, kondoo washike nini? Mkewe, Mai Chingono, akaniongezea sadza, ugali wa huku. Nampenda tayari.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mazoezi ya kubatiza, mchangani nyuma ya jiko. Wa kubatizwa: Shemasi Runesu, mwili kama magunia mawili ya mahindi. Mkono mmoja kisogoni, mwingine umshike mikono yake kifuani, kunja magoti, mlaze. Nikamlaza — puu!

"Nimesema mbatize, sijasema umpige mwereka!" Mchungaji akafoka.

Runesu, bado yuko chini: "Kufa na Kristo nimekufa. Shida ni kufufuka."

Mai Chingono alicheka hadi akamwaga mboga. Tumerudia mpaka mgongo unaniwaka. Kumbe nguvu iko magotini.

Jumanne, 10 Oktoba

Leo nimeelezwa habari za Ambuya Matirasa, yule bibi anayefagia kanisa. Anasali hapa tangu kanisa ni la nyasi, na hajabatizwa! Kila mwaka anajiandaa, kila mwaka siku ikifika mguu unamuuma.

Tulikuwa tunamenya karanga, Mai Chingono akanisimulia. Utotoni Ambuya alikwenda kuteka maji na dada yake Sarudzai, kwenye bwawa la mto pale miambani. Sarudzai akazama. Huku wanasema njuzu, wenyewe wa maji, ndio humchukua mtu. Ndugu wakijikaza wasilie, siku moja aliyechukuliwa hurudishwa akiwa mzima, tena mganga. Akilia hata mmoja, basi. Ukoo mzima ukajikaza. Aliyelia ni Matirasa, mtoto wa miaka saba. Sarudzai hakurudi. Na walimwambia! Watu wazima na akili zao walimwambia mtoto kwamba ni yeye.

Nikasema naenda kuangalia kuku. Nikalia huko bandani.

Na kwa ukame huu, maji ya kumzamisha mtu kwa ubatizo yamebaki kwenye bwawa lile tu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Ambuya peke yangu. Nilibeba hotuba nzima ya chuoni: Kristo ameshinda vyote, njuzu ni hofu tu, na kadhalika. Akanipa maheu, togwa ya huku, akanitazama nikinywa.

"Mjukuu, wewe ndiye uliyelia msibani?"

"Ndimi, Ambuya."

"Kama ndama!"

Tukacheka wote. Hotuba ikanitoka kichwani. Kisha akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba Jumapili ataingia majini, na mimi ndiye nitakayemshika. Chingono ana mikono ya baridi kama chura. Ila sharti moja: asilie mtu. Hata mmoja. Akiona chozi, anatoka majini, na asiulizwe tena mpaka kaburini.

"Na wewe ndiye wa kwanza kuchungwa," akasema.

Nimeahidi. Mimi!

Nilipomwambia Mchungaji alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kumbe amemsubiri bibi huyu tangu alipokuwa yeye mwenyewe mwanafunzi hapa. Ambuya ndiye aliyempikia, akamfundisha kuzika watu bila kutetemeka. "Usiniharibie, Tawona," akasema. Hajawahi kuniita kwa jina.

Jumamosi, 14 Oktoba

Tangazo limetolewa: kesho hakuna kulia. Runesu akauliza kama kucheka kunaruhusiwa. Mai Chingono kanikatisha vitunguu, eti mazoezi. Nimeshindwa kwenye kitunguu cha kwanza. Mungu wangu, nimpende bibi huyu kidogo tu, kwa kesho tu.

Jumapili, 15 Oktoba

Bwawani. Naandika juu ya jiwe ili macho yapate kazi. Vijana wameshabatizwa, Mchungaji kaniruhusu nipumue kidogo — hakuna niliyemwangusha! Sasa akina mama wanamvalisha Ambuya joho jeupe nyuma ya vichaka. Wanaimba meno wameyauma. Mimi nahesabu mbuzi ng'ambo.

Anatoka. Mdogo kuliko nilivyodhani. Hasubiri mtu! Nimeambiwa nikae mpaka aniite. Anashuka mwenyewe, maji kwenye vifundo, sasa magotini. Anaongea na maji. Sisikii vizuri. Nadhani amesema Sarudzai.

Macho yangu makavu! Makavu kabisa!

Lakini kuna mtu anavuta kamasi. Si mama yeyote. Ni Mchungaji. Amesimama hadharani, miwani mkononi, mabega yanacheza, analia kama mtoto, na mkewe anamvuta shati bure.

Ambuya amegeuka. Amemwona.

Wimbo umekatika. Anamtazama tu Mchungaji wake, muda, muda. Sasa naye uso wake — Mungu wangu — Ambuya naye analia.

Ananyoosha mkono kwangu. Sijui anataka nimwingize au nimtoe.

Naenda.