Alama ya Tatu ya Kitana

Jumatatu, 4 Machi

Kifaranga, mwanangu, kanipanda mapajani sasa hivi, kanishika mkono, anajaribu kung'oa vinundu vya kandokando ya kucha zangu. Kadhani shanga! Mama, nipe moja. Miaka mitatu huyu. Nikacheka, nikalia, nikamkaripia bure. Yeye kakibusu kidole kinachouma kuliko vyote. Kakijuaje?

Saluni leo mteja kaiona mikono yangu, kainuka, nusu ya kichwa haijasukwa. Eti heri atoke na kitambaa kichwani. Mwenye saluni, tunamwita Shangazi, hakunitetea hata kidogo. Nilete barua ya daktari kwamba siambukizi, la sivyo nifagie nywele. Mimi! Niliyemfundishia nusu ya wasusi wake!

Jumanne, 5 Machi

Zahanati. Daktari yule yule, vidonge vile vile, miezi minane sasa. Kaanza kuandika hata sijakaa. Baridi yabisi, mama, vaa soksi mikononi. Nikamwuliza, na hivi vinundu, mpaka masikioni? Eti chunusi za uzazi. Chunusi! Nimezaa miaka mitatu iliyopita! Barua hakutoa. Nimesaga meno njia nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Nina hasira!

Jirani yake Shangazi kakubali nimsuke. Mimi sipimi kwa macho. Napima kwa kidole cha shahada — pingili mbili, njia; pingili mbili, njia. Siku zote upande mmoja hutoka mistari sita. Leo minane. Jirani akatania, mistari ya nyongeza bei ile ile? Shangazi hakucheka. Unasuka au unalima matuta?

Nikatoa kitana changu. Zamani nilikichora alama tatu ili wanafunzi wajue urefu wa kidole changu. Kidole kilikuwa kinafika ya tatu. Nikakilaza — hakifiki. Ngozi ya nchani imejikunja kama soksi iliyozidi mguu.

Kidole kimefupika! Miezi minane naambiwa baridi. Baridi haili mfupa!

Jumatatu, 11 Machi

Hospitali kubwa. Maneno sikupeleka, nimepeleka kitana. Daktari ni binti mdogo tu. Nikakilaza kidole mbele yake. Kanipiga picha za eksirei mikono: viungo vimeliwa pembeni kama mkate uliotafunwa na panya. Kakata kinundu kimoja, kakipeleka maabara. Anashuku ugonjwa mmoja unaoleta yote mawili, vinundu na kula viungo. Adimu sana, kausoma tu, hajawahi kuuona. Hauambukizi — barua kaandika papo hapo. Dawa za kuuzuia zipo, ila kilicholiwa hakirudi.

Kisha kasema ningewahi. Niliwahi! Kila mwezi niliwahi!

Jumatatu, 18 Machi

Benchi la hospitali. Majibu leo. Shangazi barua kaisoma mara mbili, kaikunja vizuri, kanipa ufagio. Sawa. Nimefagia. Lakini nimeshaamua: ugonjwa ukisimama hapa ulipofika, nachora alama mpya kwenye kitana, hapo kidole kinapoishia sasa, na nitasuka kwa hiyo hiyo.

Kifaranga kakichukua kitana, kalaza kidole chake kama anavyoniona. Kinapita alama ya kwanza. Mwezi uliopita hakikufika. Mama, ona, nakua!

Unakua, mwanangu.

Nesi kachungulia mlangoni. Yule mama wa kitana, ingia, mtoto mwachie dada wa mapokezi hapo. Uso wake hausomeki. Kifaranga hataki kuniachia kidole. Wakisema dawa inanifaa, cha kwanza kabisa nita— Nesi kaita tena. Naingia.