Wiki ya Kumfundisha Mama Goretti Kemia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mtihani ni Ijumaa, Mbarara. Nafasi ni moja tu: mafunzo ya ufundi wa maabara, ada imelipwa. Nikikosa, nabaki karani wa mashine ya kusaga hapa kambi ya wakimbizi ya Kashojwa, kuandika majina na kilo mpaka nizeeke. Nimeshindwa kula. Madaftari yangu ya Uvira ni ya Kifaransa, mtihani ni wa Kiingereza, na hofu yangu haina lugha.

Mama Goretti, mwenye nyumba, amenikuta nikimweleza mbuzi wake msawazo wa kikemia. Amesema mbuzi hana haraka ya kusoma. Nimfundishe yeye. Kwa Kiswahili.

Jumanne, 4 Novemba

Radi mchana kutwa. Radi huunganisha nitrojeni na oksijeni hewani — nalijua hilo, kwa hiyo nimeogopa mara mbili.

Jioni, ozoni. Nikaeleza: juu kabisa inatukinga na jua, huku chini inachoma mapafu. Mama Goretti akacheka, akajibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "njo" ni "ndiye".

"Ile njo mama mukwe. Akikuwa kule Bukavu, anakuombea. Akifika mu nyumba, unaanza kukohoa."

Ozoni sitaisahau tena.

Jumatano, 5 Novemba

Tumeigiza mmenyuko wa kubadilishana nafasi. Léonidas, jirani yetu Mrundi, seremala, alikuwa kaboni. Hidrojeni zake tatu zilikuwa madumu matupu: moja mkononi, mawili yamefungwa miguuni. Mkono wa pili ulishikwa na Mama Goretti, ambaye ni bromidi. Bella, mke wa Léonidas, ndiye hidroksidi: anakuja kwa nyuma, anamshika kaboni, na papo hapo bromidi anaachia, anakwenda zake.

Bella alikuja vizuri. Mama Goretti hakuondoka.

"Niende fasi gani? Kiwanja ni yangu."

"Mama, ni kemia."

"Bella njo arudi. Mimi nilimutangulia."

"Umenitangulia kwa bwana wangu?" Bella akauliza.

Hali ya mpito, pale kaboni anaposhikwa na wote wawili, haidumu hata kufumba jicho. Léonidas alikaa ndani yake, anavutwa huku na huku, mpaka maharage yakaungua.

Alhamisi, 6 Novemba

Msawazo. Mbele na nyuma kwa kasi ileile, kwa hiyo kwa nje huoni badiliko. Léonidas akasema ndivyo ilivyo sahani ya maandazi ya Mama Goretti: mmoja anakaanga, mwingine anakula, sahani haipungui. Nikasema hapana, andazi halirudi kwenye karai.

"Subiri kidogo," akasema, "nakaribia kutapika."

Amenyimwa la mwisho.

Ijumaa, 7 Novemba

Kamukuzi, hapa Mbarara. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani.

Milinganyo nimeandika sawa. Maelezo pia sawa. Ila mwalimu alipokusanya karatasi, aliigeuza yangu juu chini, akauliza hii ni lugha gani. Nikatazama. Kiswahili. Kurasa zote! Wiki nzima nimeongea kemia kwa Kiswahili, na kalamu imefuata mdomo.

Nilidhani ataitupa. Akasema hawezi kusahihisha asichoweza kusoma, akamwita mlinzi wa geti, mzee Rwakabuba, ambaye Kiswahili chake ni cha jeshini, cha kusema "naenda" hata kwa anayekwenda mwingine. Mimi nisubiri nje. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu.

Mzee anasoma polepole, anamtafsiria. Ozoni imepita. Kaboni imepita, mwalimu amekohoa. Sasa mzee amekwama kwenye msawazo.

"Mwalimu, kama wengine naenda na wengine narudi, sawasawa, kwa nini hawakai tu?"

Mwalimu amejibu kwa Kiingereza, kirefu.

"Hapana. Sijapata."

Amejibu tena.

"Bado."

Mlango umefunguka.

"Kijana, kuja. Huyu nashindwa kunielezea. Wewe ambia mimi, yeye nasikiliza."

Nyuma yake mwalimu ameshika kalamu nyekundu, hajaandika kitu. Nimesema ndiyo afande, nakuja, namalizia sentensi. Sentensi imekwisha zamani. Naandika tu. Sasa afande anakuja kwenye benchi kuona naandika nini, na huyu Kiswahili anakisoma —