Loki ya Kushoto

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama hapo stoo kwako mabati yatakuja kukuangukia. Hujambo lakini? Wifi naye? Kile kikohozi kimemwachia, au bado anakibembeleza kwa maji ya moto? Wape wanangu salamu zao, waambie shangazi hajawasahau, ni kazi tu. Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu sana, ameota kitambi na anakataa kukiri. Wapwa wako wanakula, wanakua, wanagombana. Mama hajambo isipokuwa miguu, na Baba hajambo kabisa kwa ubishi.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Kaka, nikikupigia utanianza kwa utani, nami nitacheka, na jambo lenyewe litabaki pale pale lilipokaa miaka yote. Kwa hiyo mchana huu nimefunga mlango wa kliniki, nimewaambia wenye ng'ombe wao warudi saa kumi, na nimekaa kwenye meza hii inayonuka dawa ya kupe. Nivumilie. Unajua mwenyewe kwa nini uliniita Chiriku.

Habari ya kwanza: nimenunua gari! Si la kupelekea watu harusini, ni la kazi, la kijani, bodi ya mraba, limenyanyuka kutoka chini, lina gia fupi ya pembeni ya kuvutia magurudumu yote manne. Ni aina ile ile ya Bi Mkubwa. Unakumbuka Mama alivyolipa gari la abiria la Baba jina hilo, akisema katika nyumba ile yeye ni mke mdogo tu, mke mkubwa analala uani na anaogeshwa kila Jumamosi? Basi sasa shemeji yako ndiye anayenung'unika. Anasema nimeolewa mara ya pili bila kumpa taarifa.

Pikipiki ilikuwa imenishinda, Kaka. Msimu wa mvua uliopita niliitwa kule juu kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nilisukuma pikipiki kwenye tope hadi nikafika nimefanana na tope lenyewe, na nikamkuta ng'ombe ameshakufa na ndama tumboni. Mwenye ng'ombe hakunilaumu. Alinipa maji ya kunawa, akanishukuru kwa kuja. Afadhali angenitukana. Siku ile nikaapa kwamba nitatafuta gari.

Dalali wa kwanza alinizungusha wiki mbili. Kwa maelezo yake, kila gari mjini hapa lilikuwa la daktari mmoja mpole aliyeliendesha kwenda kazini na kurudi tu, na sijui daktari huyo alikuwa na magari mangapi! La tatu nilipolifungua, mlango ulinibaki mkononi. Hakutahayari hata kidogo. Alisema hiyo ni faida, kukitokea hatari mtu anatoka upesi.

Ndipo nikamwendea fundi mmoja wa gereji anayeitwa Kumi na Tatu, kwa sababu spana namba kumi na tatu haimtoki mfukoni mwa shati, nadhani hata msikitini anaingia nayo. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mstaafu. Kaka, nilikwenda kununua gari nikafanyiwa usaili! Mwalimu aliniketisha sebuleni, akaniuliza kazi yangu, barabara ninazopita, na kama mimi ni mtu wa kupasha injini moto kabla ya kuondoka au ni wa kukurupuka. Alisema amewafukuza wanunuzi wanne waliotaka kujua habari za redio tu. Mkewe alikuwa mlangoni akinikonyeza niseme lolote, mradi gari litoke uani apate mahali pa kuanika nguo.

Nililikagua kama Baba alivyotufundisha. Nilishika injini kwa kiganja kwanza, kujua kama hawajaiwasha kabla sijafika ili kuficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi. Nilichomoa kijiti cha oili nikakinusa. Nililala chini ya gari nikapapasa chesi yote kutafuta kutu na mahali palipochomelewa. Kumi na Tatu alisema hajapata kuona mtu anapima gari mimba. Shokomzoba mbili zimechoka na kiti cha nyuma kimeliwa na panya, lakini mengine yote salama.

Kikabaki kipimo cha mwisho. Shemeji yako, niliyekuwa nimekwenda naye na ambaye kwake gari ni honi na viti, ilibidi aelezwe na fundi. Aliambiwa kwamba magari haya ya zamani gia fupi peke yake haitoshi, mtu lazima ashuke azungushe kwa mkono zile loki mbili katikati ya magurudumu ya mbele, ya kulia na ya kushoto, ndipo ya mbele yavute. Aliambiwa pia kwamba ukifunga moja ukaacha moja ni sawa na hujafunga kitu, nguvu inapotelea upande ulio wazi. Kumi na Tatu akakaa kwenye usukani, akaniomba mimi nizifunge.

Nilipiga goti upande wa kulia, nikaifunga. Nikazunguka kushoto. Kaka, mkono ulikataa. Nilichuchumaa mbele ya gurudumu lile, machozi yananitoka, na fundi anachungulia dirishani ananiuliza kama huyo ng'ombe anapiga teke. Nilisema vumbi limeniingia machoni. Nikaifunga, nikaivuta mara tatu kuhakikisha, na gari likapanda tuta la mchanga nyuma ya nyumba bila hata kuguna. Siku ile ile tuliandikiana na mwalimu. Alinisihi nipite kwake mara moja moja asikie mlio.

Jumamosi iliyofuata nikalipeleka nyumbani. Mama alitoka na upawa mkononi, akacheka hadi akaegemea ukuta, akasema Bi Mkubwa amerudi na safari hii ameolewa na binti wa mke mdogo. Baba alivaa miwani, akachukua fimbo, akatoka. Nilidhani atafungua boneti, au atapiga matairi teke kama kawaida yake. Hakufanya hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele la kushoto, akainama na magoti yake yale, akaweka vidole kwenye loki.

Nikamuuliza kwa nini ameanzia kushoto. Akajibu bila kunitazama kwamba miaka ishirini na sita sasa, akiona gari la aina hii popote, hata la mtu asiyemjua, jicho lake huanzia kushoto.

Nitakueleza aliyoniambia, maana najua hukuwahi kuyasikia. Siku ile Bi Mkubwa alipovutwa kutoka mtaroni, Baba alimkagua peke yake kabla watu hawajamgusa. Loki ya kulia ilikuwa imefungwa na ya kushoto ilikuwa wazi. Akaja kukuuliza pale ulipokaa na kitambaa kidevuni kama ulizifunga loki, nawe ukamjibu mbele ya watu kwamba umezifunga zote mbili kwa mkono wako. Baba anasema ajali haikumkasirisha. Hata yeye mwenyewe aliliangusha gari mara mbili ujanani. Kilichomvunja moyo ni kwamba ulimwangalia usoni ukamdanganya, na akajiambia kwamba mtoto anayekosea atamfundisha, lakini anayedanganya kuhusu loki hawezi kumkabidhi roho za abiria. Ndiyo maana alinyoosha mkono akachukua ufunguo bila neno, na ndiyo maana Bi Mkubwa aliuzwa kabla ya miezi miwili. Hakukwambia sababu kwa kuwa aliona unaijua.

Kaka, hukumdanganya. Yaani ulimdanganya, lakini si kama alivyofikiri.

Wewe hukushuka siku ile. Ulinituma mimi. Mvua ilikuwa inamwagika, cherehani ya Mama Mdogo iko nyuma imefungwa kwa kamba, tumefika chini ya kilima cha kwake, ukaniambia Chiriku shuka ufunge loki zote mbili, kulia na kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijiona konda mkuu. Niliifunga ya kulia chini ya dirisha lako ukiniona. Nikazunguka. Upande wa kushoto ulikuwa ukingoni mwa mtaro, tope limejaa hadi nusu ya tairi, nami nilikuwa nimevaa vile viatu vyeupe. Unavikumbuka? Ulininunulia wewe kwa mshahara wako wa kwanza wa udereva, na nilikuwa nimevivaa mara ya kwanza siku ile, kukuringishia wewe mwenyewe. Nilisimama nikavitazama, nikatazama tope. Ukapiga honi. Nikarudi nikapanda, nikakuambia tayari.

Mengine unayajua. Katikati ya kilima magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, ukaongeza mafuta ukijua ya mbele yatavuta, na hayakuvuta. Tukarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Mkono wako mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine umenikumbatia, ndiyo sababu kidevu chako kilikwenda kwenye usukani na mimi sikupata hata mkwaruzo. Viatu vyangu vilibaki vyeupe, Kaka! Hata Mama alilisema hilo, akasema ni maajabu.

Halafu Baba alipokuuliza, ukasema umezifunga kwa mkono wako, ili nisigombezwe kwa kushuka kwenye mvua na wewe usigombezwe kwa kumtuma mtoto. Ulikuwa na hakika nimezifunga. Ulikuwa unanifichia kosa dogo bila kujua kwamba kubwa liko chini yake. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nikanyamaza. Mimi, Chiriku!

Nilidhani nitasema kesho yake. Kesho yake ulikuwa na homa. Kisha gari likauzwa, kisha ukapanda basi ukaenda mjini kuhesabu mabati, na kila ulipokuja ulikuwa unaondoka kesho. Kila tulipokuomba uendeshe gari la mtu hata kulisogeza tu, ukatuambia wewe na usukani mmeshapeana talaka, na watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nimecheka mzaha huo miaka ishirini na sita huku najua hiyo talaka niliiandika mimi. Ulikuwa dereva, Kaka. Baba mwenyewe alikuwa akisema una mkono mwepesi kuliko wake. Nisamehe. Nimeandika neno hili nikalifuta mara nyingi kwa sababu naliona dogo, lakini sina lingine.

Nilimwambia Baba yote pale pale uani, nimeshika kioo cha pembeni. Alikaa kwenye bampa. Nikaogopa, nikaenda kumwita Mama. Mama alipofika, Baba akamweleza kila kitu mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayetoa ushahidi. Mama akatugombeza wote wawili. Mimi alinigombeza kidogo, lakini Baba, yalaa! Alimuuliza ni mwanamume gani anayelala na loki kifuani miaka ishirini na sita karibu na mkewe bila kumwambia, wakati kwa swali moja tu la ziada mtoto wake angekuwa nyumbani. Baba hakubisha. Unajua hiyo si kawaida.

Ile simu ya Jumapili, aliyokuuliza mara tatu kama mvua imenyesha kwenu kisha akakata, ndiyo hiyo. Alitaka kukuomba radhi. Alivaa hadi kanzu. Alipokata simu alibaki ameishika, akaniambia sauti yako imezeeka.

Sasa fungua kile kitambaa kilichomo ndani ya bahasha. Ni ufunguo wa pili wa gari langu. Sikuufunga mimi, aliuomba Baba, akaufunga mwenyewe katika leso yake, akanirudisha dukani nikanunue bahasha kubwa zaidi kwa sababu ile ya kwanza aliiona haina heshima. Anasema uje mwisho wa mwezi, mvua zikiwa bado zipo. Anataka umpeleke kwa Mama Mdogo, kwa kilima kile kile. Nilimkumbusha kwamba hujashika usukani tangu ujana wako. Akasema mkono hausahau. Nikamwambia basi nitakuja nami nifunge loki, safari hii nitavaa mabuti.

Amekataa. Anasema wewe ukae tu kwenye usukani, usishuke, na usimtume mtu. Loki zote mbili atashuka kuzifunga yeye.

Msalimie sana Wifi, na wanangu uwabusu mmoja mmoja. Mama anasema uje na nguo za kubadilisha, usije kama mtu wa kupita. Usiponijibu nitaelewa, lakini njoo hata kama hutaki kusema nami.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyenyamaza mara moja tu maishani,

Chiriku