Mtani Asiyezika

Jumanne, 5 Agosti
Mazoezi tangu asubuhi. Maiki mkononi, picha ukutani. Waigizaji wanasema Kizungu, mimi nawasemea Kiswahili. Safari hii si picha za ngumi. Ni filamu fupifupi za kale za wasanii wa jukwaani Marekani. Mmoja anarusha sahani. Mwingine anaimba na mbwa. Pazia linafungwa, anakuja mwingine, kama ndoto za homa.

Kasimu, mwenye banda la video, kampenda mzungu aliyejipaka masizi usoni akajichorea midomo minene. Mimi nampenda mwanamke mweusi anayecheza, viatu vinaongea.

Bibi anakuja kesho kutoka Handeni. Hajawahi kunisikia kazini. Anadhani napiga kelele tu. Nataka akiri kwamba hii nayo ni kazi.

Alhamisi, 7 Agosti
Onyesho la kwanza, mchana. Yule wa masizi alipotokea nikasema, "Mtani wetu huyo, jamani!" Limenitoka tu. Kwetu anayekucheka usimkasirikie ni mtani. Watu wakavunjika mbavu. Bibi, mstari wa mbele, hakucheka.

Ijumaa, 8 Agosti
Kwenye uji ameniuliza: "Mtani wetu huyo, alimzika nani?"

Nimemkumbuka mtani wa Babu. Siku ya mazishi alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka wafiwa wacheke. Kisha akashika jembe, akachimba kuliko wote. Aibu imenishika hadi masikioni.

Bibi amefunga mfuko wake. Kesho anapanda basi la mchana.

Nililala kidogo baada ya kula. Nikamwota yule mwanamke mweusi akicheza kwenye shamba la mkonge la Mazinde, katikati ya mistari, na vumbi halikutimka. Nikamwuliza jina. Akaendelea kucheza.

Nilipoamka nikafungua orodha iliyokuja na filamu. Wa masizi ana majina matatu. Mbwa ana jina. Mwanamke kaandikwa "mchezaji mweusi". Nimekasirika mpaka nikalia.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilimwambia Kasimu kwamba yule wa masizi simsemei. Akaiweka filamu yake hivyohivyo.

Basi nikasema kwenye maiki: "Huyu si mtani. Amejipaka sura yetu atucheke, na msibani kwetu hajafika." Mmoja akapiga mluzi. Wengine wakatoka.

Kisha akatokea yule mwanamke. Nilikuwa nimepanga kumwita kwa jina la Bibi. Nikainua macho, kanga ya Bibi iko mlangoni. Sijui basi lilimwacha au yeye aliliacha. Nikaona kumpa jina hilo ni kumvisha nguo ya mtu mwingine.

Nikasema, "Jina analo. Hawakuliandika." Nikazima maiki. Vikasikika viatu tu, banda zima.

Kasimu amesema onyesho lijalo, la Handeni, atampeleka msemaji mwingine. Imeniuma. Pale Handeni ndipo nilipotaka kusikika.

Jumapili, 10 Agosti
Bibi bado yupo. Asubuhi aliomba simu yangu, yenye nakala ya filamu, amwone yule mwanamke. Amemtazama mara tatu.

"Ana magoti mazuri," akasema. Baadaye: "Kazikwa wapi?"

Nikamwambia sijui, Bibi.

Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika barazani. "Basi tumkalie matanga," akasema. "Na wewe, mwanangu, kaa. Ndiyo kazi yako."

Tumekaa mpaka jua likatufikia miguuni.