Ng'ombe Thelathini na Moja za Baba Sheila

Jumatatu, 14 Julai

Mamba amenila tena. Mara ya nne leo. Nilisahau kuwa Situma hawezi kuogelea akiwa amebeba mkuki na ngao na paja zima la swala. Anazama kama jembe. Mamba anakuja bila haraka, anajua chakula kiko njiani. Halafu huyo Situma anaamka kando ya moto kama mtu ambaye hajaliwa, na mimi naanza upya.

Mguu unawasha ndani ya plasta. Daktari alisema wiki sita, zimebaki mbili. Ng'ombe wangu Zawadi ndiye alinisukuma zizini kwangu kule Dundori nikaanguka. Simchukii. Nachukia simiti.

Metrine, binti yangu, ameenda sokoni kuuza nyanya. Mimi niko kwenye kochi lake hapa Rhonda na rimoti ya gemu mkononi. Maharagwe yameiva nusu. Nitayamaliza nikivuka huu mto.

Jumanne, 15 Julai

Sikuenda shule hata siku moja. Herufi nilizijua kanisani, darasa la ngumbaru, nikiwa tayari na mvi. Mwalimu alisema mtu aandike kila siku la sivyo zitatoroka. Basi naandika.

Gemu ni ya Baba Sheila, mume wa Metrine; Sheila mwenyewe yuko shule ya bweni. Anaendesha lori ya viazi kutoka Molo. Akirudi nyumbani anacheza. Metrine alikuwa analalamika kuwa ameolewa pamoja na TV. Nikasema wacha nimwone huyo mke mwenza. Nikawasha. Hiyo ni wiki tatu sasa. Mke mwenza ni mtamu.

Ni nchi ya Kushi, ile ya kwenye Biblia, zamani kabisa. Jangwa, mto mkubwa, watu weusi wamevaa dhahabu mpaka masikioni. Unatembea popote. Ukitaka vita, vita iko. Ukitaka kuchunga, unachunga. Wanaongea Kizungu na mimi sijui hata neno. Naangalia uso tu. Uso hauna Kizungu.

Yule mwanamume wa kwenye gemu, ambaye mimi na Baba Sheila tunamchezesha kwa zamu, nimemwita Situma. Ana mabega kama ya marehemu mzee wangu akibeba mataruma ya reli.

Baba Sheila anajua nacheza. Hatujaongea. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mkono, hawaonani wakila. Nalala chumba kingine kwenye hii ploti ya vyumba vya kupanga, Metrine alinikodishia. Jioni Baba Sheila akifika getini anakohoa mara tatu. Mimi nachukua magongo, naenda kwangu, ndipo yeye anaingia kwake. Juzi alikohoa nikiwa katikati ya simba. Nikamtuma Metrine amwambie akohoe tena baada ya dakika mbili. Alingoja nje na viatu vya matope, kwenye hii baridi ya Julai. Mtu mzuri huyo.

Jumatano, 16 Julai

Nimewasha asubuhi nikamkuta Situma amesimama kando ya mto. Mbele yake mtumbwi.

Baba Sheila ameninunulia mtumbwi! Alicheza jana jioni, akaona nimeliwa mara nne, akanunua, akauacha hapo. Bila neno. Nilicheka mpaka plasta ikauma.

Ameondoka alfajiri. Mvua imeharibu barabara za mashambani huko Molo, madereva watalala huko mpaka Jumamosi. Metrine ameniomba kitu kimoja tu: nisiguse mji wake. Kwenye gemu Baba Sheila amejenga mji, ukuta mzima na boma, na ndani ya boma kuna ng'ombe thelathini na moja, pembe ndefu. Amezitafuta miaka miwili, mmoja mmoja. Kila mmoja ana jina. Baba yake alikuwa mtu wa kiwanda, wakalelewa watoto sita kwenye chumba kimoja. Hajawahi kumiliki hata kuku.

Nikamwambia Metrine, mimi na ng'ombe? Mimi nitawaharibu ng'ombe vipi?

Alhamisi, 17 Julai

Nimewaharibu.

Naandika polepole. Nilivuka kwa mtumbwi. Ng'ambo kuna mji. Langoni mzee mwenye tumbo, amekaa kwenye kiti, na kando yake msichana wa shanga, ameinamisha kichwa. Mzee akaonyesha picha ya ng'ombe. Akafungua mikono.

Mama Shiro, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Akaketi.

"Huyo msichana anamtaka," akasema. "Ona vile anaangalia chini."

"Na mzee anataka mahari."

"Si umpee, mathe! Unataka kijana aonekane maskini?"

Ilikuwa wazi kabisa. Mwanamume wa miaka thelathini, analala porini na mkuki, hana mtu wa kumuuliza kama amekula. Mzee akataka tano. Nikatoa. Akataka kumi. Sasa, mimi nimeketi kwenye mazungumzo ya mahari ya mabinti wanne. Wanaitisha, mnaguna, mnakunywa chai, mnapunguza. Lakini gemu haina mahali pa kuguna. Kuna kitufe cha kutoa na kitufe cha kuondoka. Nani anasimama na kuondoka katikati ya mazungumzo ya mahari? Ni kutukana ukoo wa watu. Nikatoa. Akaongeza, nikatoa. Mpaka ndama.

Mzee akacheka. Msichana akaingia ndani hata bila kumwangalia Situma. Lango likafungwa. Ngoma zikalia. Askari wa farasi wakatokea nyuma ya kilima, wakavuka mto, wakaenda kwa mji wa Baba Sheila wakauchoma.

Hakuwa baba ya mtu. Alikuwa jenerali wa maadui.

Metrine aliporudi akasoma Kizungu. "Mama, wameandika umejisalimisha. Hizo ng'ombe ni kodi ya kushindwa."

"Nirudishe nyuma."

"Hii hairudi nyuma, Mama. Inajihifadhi yenyewe."

Mama Shiro aliondoka bila chumvi.

Ijumaa, 18 Julai

Sijapika. Sijachana nywele. Situma hana mji. Analala juu ya majivu.

Mimi ni mjinga. Mtoto wa watu aliniachia mtumbwi, nami nikamlipa kwa moto.

Nimeamua kuzirudisha kabla ya kesho. Nimeingia kwa lango la jenerali na mkuki. Nikauawa. Kwa ukuta. Nikauawa. Mara kumi na moja. Mama Shiro amekuja tena, anapiga kelele kwenye kochi kama yuko uwanjani: "Mathe, mkate shingo! Huyo wa kofia! Shingo!"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Basi mkate mguu!"

Nikamfukuza. Nikaacha kupigana, nikaketi kuangalia ng'ombe. Hapo ndipo nilipaswa kuanzia. Jua la huko likishuka wanatolewa kwenda kunywa maji. Mchungaji anatembea nyuma, mvivu, hata fimbo hana. Na kila kundi lina yule wa kwanza. Kwangu ni Zawadi. Hapa ni mmoja mzee wa pembe iliyovunjika. Akisimama, wote wanasimama.

Nikamvua Situma mkuki, nikamvua ngao. Nikamtembeza pembeni ya yule mzee, si nyuma, pembeni, karibu na bega. Polepole. Akageuka. Walio karibu wakageuka. Mchungaji anaangalia ndege. Tulikuwa tumefika kwenye miti ngoma zilipolia na wale wa nyuma wakakimbilia ngomeni, yule mzee wa pembe naye akawafuata.

Tisa. Nimepata tisa. Kama ni wizi, Mungu atasema. Ni wetu.

Baba Sheila amepiga simu, anafika kesho. Metrine anataka tumwambie stima ilipotea na mashini ikachanganyikiwa. Nimemkatalia. Sikumlea adanganye mume wake kwa ajili yangu. Nitasema mwenyewe. Nitasemaje na mtu ambaye siwezi kukaa naye, sijui.

Jumamosi, 19 Julai

Alikohoa saa kumi. Sikuingia kwangu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya dirisha lake, mgongo ukutani, leso juu ya kichwa.

"Baba Sheila, ingia ndani, usiniangalie. Nitaongea na ukuta."

Akaingia. Nikasikia kiti. Nikaueleza ukuta yote. Mzee wa tumbo, msichana, mahari, moto. Zile tisa sikuzitaja; tisa si thelathini na moja. Metrine alikuwa anamwagia mboga chumvi bila kuangalia.

Akauliza: "Zote, Mama?"

"Zote. Hata ndama."

"Hata Njano?"

Sijui Njano ni yupi. Hilo ndilo liliniumiza. Nilitoa mahari kwa ng'ombe za mtu bila kujua majina.

"Hata Njano, mwanangu."

"Sawa, Mama."

Najua sawa ambayo ni sawa. Ile haikuwa. Hakuwasha TV. Chakula kilikuwa na chumvi kupita kiasi na hakuna aliyesema.

Jumapili, 20 Julai

Ameosha lori siku nzima. Lori ilikuwa safi kufikia saa nne asubuhi. Akaendelea kuosha.

Alipita na ndoo. Akaangalia chini, nikaangalia chini. Ndivyo tumefanya miaka yote na ilikuwa heshima. Leo ilikuwa kama watu wawili waliogombana.

Nimelia. Mwanamke wa mvi na plasta, analia kwa sababu ya ng'ombe wa stima. Sikulia hivyo mguu ulipovunjika. Nataka kwenda Dundori. Huyu ndiye mkwe ambaye sijawahi kumsema kanisani, na wakwe zangu wengine nimewasema wote.

Jumatatu, 21 Julai

Jioni. Niko chumbani kwangu namenya viazi. Nasikia ngoma za Kushi kutoka kwake. Nikatoka na magongo mpaka benchi. Nikaketi, mgongo ukutani. Nikakohoa mimi.

Kisha sauti kwa dirisha.

"Mama. Hizi tisa zimetoka wapi?"

"Kwa jenerali."

"Uliingia ngomeni?"

"Mtoni. Wakinywa maji."

"Mimi nimejaribu kuiba hapo tangu Krismasi. Nauawa tu."

"Kwa sababu unakimbiza."

Nikamwambia habari ya yule wa pembe iliyovunjika. Bega, si mkia. Akajaribu. Nikasikia ngoma, kelele, Situma anakata roho.

"Umekimbiza!"

"Sijakimbiza, Mama, nimetembea haraka tu."

"Ng'ombe hajui tofauti."

Akacheka. Baba Sheila! Sijawahi kusikia kicheko chake. Ni chembamba kama cha msichana, na mwili ule wote. Akasema, "Mama, nivumilie, mimi nilizaliwa ploti." Nikamwambia hata ploti ina paka, hujawahi kumfuata paka? Akafa mara nyingine tatu. Ya nne akarudi na wawili.

Metrine akasogeza pazia, akapima kwa macho kama fundi, akatoka nje, akasukuma benchi langu hatua mbili na kuligeuza lielekee dirishani, akatundika shuka katikati ya dirisha. Sasa naona TV yote na sioni mtu. Akasimama, mikono kiunoni.

"Nilikuwa na mume na TV. Sasa nimeongezewa mama yangu."

Nilirudi kwangu viazi vikiwa vimegeuka vyeusi kwenye sufuria. Nikavipika hivyo hivyo nikala vyote.

Jumatano, 23 Julai

Amerudi mapema leo, saa tisa, na gunia la viazi vya Molo na macho mekundu. Barabara mbaya. Aliendesha tangu usiku.

Nikamwambia alale. Akasema kidogo tu, Mama, tumalize wale wa mtoni. Pamoja na wa jana, tuko na ishirini na wawili. Njano bado. Sasa namjua: ana doa kama chapati mgongoni, na anapenda kubaki nyuma.

Jua limetoka mara ya kwanza wiki hii. Benchi lina joto. Alicheza, nikaelekeza. Halafu Situma akasimama katikati ya njia, ng'ombe wakaanza kutawanyika. Nikasema pembeni, Baba Sheila, pembeni. Hakujibu. Nikasikia pumzi yake, nzito, ya mtu aliyelala.

Metrine akaja kimya, akatoa rimoti kutoka mikononi mwake, akanipitishia dirishani. Akamfunika mumewe blanketi, nadhani. Mimi sikuangalia huko. Nilikuwa naangalia mto.

Nikawakusanya. Mmoja, mwingine, yule mkaidi wa kushoto. Kule Kushi pia jua lilikuwa linashuka. Nikamwambia Metrine kwa ishara apunguze sauti, akapunguza, mpaka kwato hazikusikika tena. Nikamtembeza Situma pembeni ya bega la yule mzee wa pembe iliyovunjika, polepole, tukaelekea nyumbani.